Friji la Utambi

Vijana wa vyuma chakavu walilibeba friji la Mama likiwa limelazwa ubavu, nami nikawafokea kabla sijajua kwa nini nafoka. "Lisimamisheni! Halilazwi hilo!" Wakanitazama kama mtu aliyepungukiwa. Friji lenyewe lilikuwa limekufa siku nyingi, lilikuwa linakwenda kukatwa vipande, na mimi nagombana na watu kwa sababu ya ubavu wake. Mmoja akaniambia kwa upole, "Sista, si linaenda kuyeyushwa tu?" Nilijua ana haki, na hilo likaniudhi zaidi. Walipofika mlangoni tangi la chini likagonga kizingiti, tone la mafuta ya taa likadondoka sakafuni, na ile harufu ikanipanda puani.

Nyuma yangu, sebuleni, friji jipya alilolituma mdogo wangu wa mwisho kutoka Dar lilikuwa linalia. Linalia mlango ukiachwa wazi, linalia umeme ukirudi, na nadhani linalia pia likijisikia upweke. Mama amelifunika kitambaa cha kufuma na bado linalia. Mimi sina ugomvi na vitu vipya, jamani. Ugomvi wangu ni na watu wanavyoviamini. Mdogo wangu hawezi kujua, maana mambo ninayoyakumbuka yalitokea hajazaliwa, hapa hapa Kasulu, katika nyumba hii hii.

Wenye umri wangu mtalikumbuka friji la namna ile, kama halikuwa kwenu basi lilikuwa kwa jirani au misheni. Jeupe, lenye mabega ya mviringo na komeo la chuma ambalo mtoto alilifungua kwa mikono miwili. Halikutumia umeme, maana umeme wenyewe haukuwepo. Chini lilikuwa na tangi la mafuta ya taa, utambi, na moto mdogo wa bluu uliowaka usiku na mchana. Babu alilinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anafunga virago, na Babu alipofariki likabaki kwa Baba, pamoja na duka la vitambaa.

Duka lilikuwa la Baba, lakini friji lilikuwa la Mama. Mama ni Muha wa Muyama, na alilihudumia kama kwao wanavyohudumia ng'ombe wa maziwa. Kila asubuhi alivuta tangi, akaongeza mafuta, akafuta masizi, akakata ncha ya utambi kwa mkasi wa dukani, jambo lililomkera Baba. Moto ukiwa wa njano alinuna mpaka urudi kuwa wa bluu. Friji lile lilitaka kusimama sawasawa kabisa, kwa hiyo juu yake palikaa kibakuli cha maji, na maji yakiinamia upande mmoja Mama alisukumia kipande cha ubao chini ya mguu. Halikuwa na baridi ya kujivunia. Lilitoa vipande vichache vya barafu kwa siku nzima, na maji yake yalikuwa baridi ya kisima. Lakini baridi yake ilikuwa ile ile jana, leo na kesho.

Mimi, ambaye meno ya mbele yalikuwa ndiyo kwanza yanang'oka, nilijifunza kwa friji hilo kwamba baridi huletwa na moto. Kwani si niliona mwenyewe? Moto chini, baridi juu. Elimu hiyo niliitumia vizuri. Nyakati za kiangazi watu walipochoma nyasi vilimani, na asubuhi za kwetu zikawa za kutoa moshi mdomoni, nilijua chanzo. Niliwalaumu wachoma nyasi kwa baridi ile, tena nikamweleza mwalimu wangu wa madrasa, ambaye alicheka mpaka akavua miwani.

Majirani waliweka vitu vyao humo: samaki migebuka kutoka Kigoma, soda za arusi, na mwezi wa Ramadhani madumu ya maji ya kufuturia. Kila mtu aliweka alipotaka, isipokuwa rafu ya chini. Hiyo ilikuwa ya dada yangu Mwajuma.

Mwajuma alikuwa na sukari. Si ile ya wazee ya kuacha chai tamu. Alikuwa mtoto wa miaka kama kumi na miwili, na bila sindano ya insulini asingeishi. Hilo tuliambiwa sote, hata mimi, kwa maneno hayo hayo. Dawa Baba aliifuata Kigoma mwenyewe. Alikwenda na chupa ya chai iliyojazwa barafu badala ya chai, akaikumbatia kwenye barabara ile ya mashimo kwenda na kurudi, na akifika aliinua mfuniko na kutazama ndani kabla hajatusalimia. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani Baba hakumpenda mwanawe. Angekuwa hampendi, hasira yangu ingekuwa na mahali rahisi pa kukaa.

Sasa, mtaa wetu wa wafanyabiashara wakachangishana wakanunua jenereta. Liliwashwa magharibi, likazimwa watu wakishamaliza taarifa ya habari. Taa zikawaka, redio zikawaka, na akili ya Baba ikazimika. Alikwenda Dar kufunga mzigo wa duka, akarudi na friji la umeme.

Walilishusha kwenye lori watu wanne, na mtaa mzima ukatoka kutazama. Lilikuwa na mlango uliojifunga wenyewe kwa kuvutwa, taa ndani, na kitufe cha kuzungusha chenye namba. Baba alilizunguka akilipapasa.

"Basi tena," akasema. "Nyumba yangu imechoka kunuka kama karakana."

"Jenereta likizimwa?" Mama akauliza.

"Mlango si unafungwa? Baridi itatoka wapi?"

"Na dawa ya mtoto, Baba Mwajuma?"

"Mama Mwajuma, friji ni friji."

Nimeishi miaka mingi tangu hapo, nimeolewa, nimefanya kazi na wakubwa wa kila aina, na bado sijasikia sentensi iliyonichosha kuliko hiyo. Friji ni friji! Kama kwamba mke aliyekata utambi miaka yote hiyo alikuwa anacheza. Kesho yake friji la zamani likapandishwa lori la kwenda Kibondo kwa baba mdogo Hamisi, aliyekuwa na mgahawa wa chai. Mama alisimama uani ameshika mkasi wa utambi, hana pa kuuweka.

Waswahili walisema kipya kinyemi kingawa kidonda, na sisi tulikifurahia kidonda chetu. Siku za kwanza jenereta lilipozimwa, asubuhi tulikuta maji ya moto na maziwa yamechacha. Mtu mwingine angesema, hili halitufai. Baba akapata wazo. Akazungusha kitufe mpaka namba ya mwisho. Alitueleza kama anafundisha darasani: kwa kuwa umeme ni wa saa chache, friji lazima lishindiliwe baridi nyingi usiku, kama gunia linavyoshindiliwa maharage, ili itoshe mpaka jioni ya pili. Mtaa mzima ukaona ni busara. Kila mwenye friji la umeme alifanya hivyo hivyo, nami naamini hakuna mji mwingine ambako watu wazima wamewahi kuweka akiba ya baridi.

Likagandisha kila kitu. Mama Furaha, Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu aliyekuwa akija kuchukua vitenge dukani kwetu, aliacha kikapu chake cha nyanya humo jioni moja. Asubuhi akatoka nacho jikoni amekishika mbali na mwili wake.

"Ba Mwajuma, hii frigo yako iko na hasira. Ona tomate yangu, imekuwa majiwe!"

Baba akachukua nyanya moja, akaigonga mezani. Ko! Akacheka mpaka machozi. "Mnaona nguvu? Mnaona?" Akaipitisha kwa wateja waigonge nao. Kufika adhuhuri nyanya zote zilikuwa zimeyeyuka zikawa uji mwekundu usiofaa hata kwa mchuzi, na Mama akampa Mama Furaha nyingine kutoka shambani. Tuliona wote. Watu wazima wote wa nyumba ile waliona kitu kilichoganda na kuyeyuka kinavyokuwa, na hakuna aliyegeuza shingo kutazama rafu ya chini.

Wakati huo nilikuwa na fumbo langu mwenyewe. Kila asubuhi kabla ya shule Mwajuma alitoa kichupa chake kwenye friji, akakitia kwapani ndani ya kanga, akakaa karibu na jiko bila kusema. Nikamwuliza anafanya nini.

"Naiamsha," akasema.

Mimi nilikuwa nimemwona kuku akilalia, kwa hiyo sikuhitaji maelezo zaidi. Nilikaa naye asubuhi kadhaa nikisubiri kitu kitoke kwenye kichupa. Kisha alivuta maji yale kwa bomba la sindano, akajichoma pajani, na mimi nikasikitika kwamba tumeanza upya.

Halafu Mwajuma akaanza kunywa maji. Alikunywa kata baada ya kata, akaenda chooni, akarudi kunywa. Sketi ya shule ikamlegea, akaifunga kwa pini. Alisinzia juu ya daftari. Na pumzi yake ikawa na harufu tamu, kama ya ndizi wajomba zetu wa Muyama walizofukia shimoni ziive kwa pombe. Baba aliisikia siku moja alipoinama kumjulia hali.

"Unakula ndizi mbivu," akasema.

"Sili, Baba."

"Nasikia harufu mwenyewe. Pua yangu inanidanganya?"

"Wallahi sili."

"Usiape! Mimi navunjika mgongo barabarani kwa ajili ya dawa yako, wewe unajificha unakula vitamu?"

Mama akamtetea kwa Kiha, kama alivyofanya kila alipokasirika, "Reka umwana!" yaani mwache mtoto, lakini hata yeye usiku ule nilimwona akipekua mkoba wa shule. Na mimi? Mimi nililiamini kabisa shtaka, na kilichoniuma ni uchoyo. Nilipekua chini ya vitanda, nyuma ya majora ya vitambaa, ndani ya magunia ya maharage, nikitafuta ndizi ambazo dada yangu anakula peke yake. Nilimnunia kwa kutonigawia. Yeye alinitazama kwa macho yaliyoingia ndani, akasema, "Ungekuwa umeziona, ningekuambia ule zote."

Hakuna hata mmoja aliyelishuku friji. Hilo ndilo linalonitoa mvuke mpaka leo. Mtoto aliyekuwa akijichoma sindano bila kulia tangu ana miaka minane, huyo alishukiwa mara moja. Friji lililokuwa na mwezi mmoja nyumbani halikushukiwa, kwa sababu lilitoka Dar na lina taa ndani.

Asubuhi moja Mwajuma hakuamka. Alikuwa anapumua kwa nguvu na haraka, kama mtu aliyepanda kilima na mzigo kichwani, na alipoitwa hakuitika. Baba alimbeba mgongoni, naam, Baba yangu aliyekuwa hatoki nje bila kofia na viatu vilivyopigwa rangi, alimbeba mgongoni kama mwanamke anavyobeba mwana, akakimbia peku hadi barabarani akasimamisha pikapu ya maharage. Mama nyuma yake, nami nyuma ya Mama, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuniacha. Njia nzima Baba alisema neno moja tu, "Mwajuma, Mwajuma," mpaka likawa halina maana.

Hospitali walimtundikia maji na kumpa dawa yao. Daktari alikuwa kijana mwembamba aliyeongea polepole. Akamwambia Baba, "Mzee, mtoto huyu yuko kama mtu ambaye hajapata insulini muda mrefu."

"Anapata! Naifuata mwenyewe Kigoma. Tatizo ni ndizi."

"Ndizi gani?"

"Za siri," Baba akasema, naye daktari akamgeukia mgonjwa wake.

Tulilala pale, mimi na Mama chini ya kitanda juu ya mkeka. Sijui Baba alilala wapi. Niliogopa kwa mara ya kwanza maishani mwangu kwa namna ambayo haikuwa na mnyama wala giza ndani yake. Nilikuwa nimeacha kuzitaka zile ndizi. Nilitaka tu dada yangu aitike, hata kwa kunitukana.

Aliitika kesho yake, jua likiwa limeshapanda. Aliomba maji, Mama akalia, Baba akageukia dirishani akaanza kusoma tangazo la kunawa mikono. Daktari alikuja, akavuta kiti, akamwambia Mwajuma amweleze yeye mwenyewe, taratibu, jinsi anavyotumia dawa yake tangu anapoamka.

"Kwanza naiyeyusha," Mwajuma akasema.

Daktari akainua kichwa. "Unaiyeyusha?"

"Ndiyo. Inakuwa barafu. Naiweka kwapani mpaka iwe maji."

"Tangu lini?"

"Tangu friji jipya. Nilimwambia Baba. Akasema si kitu, itayeyuka."

Daktari alieleza bila kugombeza mtu: dawa hiyo ikishaganda mara moja imekufa, hata ikirudi kuwa maji meupe safi. Mtoto amekuwa akijichoma maji. Na harufu ya pumzi si ya ndizi, ni mwili unaojila wenyewe kwa kukosa dawa. Mama alimtazama Baba. Nilingoja amfokee, kwa Kiha au kwa lugha yoyote, na naweza kusema kwamba mpaka leo bado nangoja. Alikunja kanga yake tu, akasema, "Nenda Kibondo."

Akaenda siku ile ile. Baba mdogo Hamisi alikuwa amelilaza friji chali nyuma ya mgahawa na kulifanya sanduku la mikate, maana panya hawakuweza kuingia. Alitusimulia baadaye, akiigiza kwa mikono, jinsi kaka yake mkubwa alivyoshuka kwenye lori na kuanza kutoa mikate bila salamu. "Nikamwambia, kaka, si ulinipa? Nikamtania, usiache mbachao kwa msala upitao. Hata hakucheka. Nikajua kuna msiba."

Friji lile likilazwa huacha kufanya kazi, na waliolijua walikuwa na dawa moja tu: kulisimamisha kichwa chini miguu juu mchana kutwa. Alipolifikisha nyumbani, Baba alijaribu kuliwasha kwanza bila hilo, kwa kuwa hakuweza kujizuia, na likawaka moto mzuri bila baridi yoyote, nami imani yangu ya utotoni ikapata pigo. Mama akaja na mkasi wake. "Lipindueni," akasema. Likapinduliwa. Mpita njia akauliza duka limehamia lini kwenye uganga, Baba akavumilia. Jioni likasimamishwa, kibakuli cha maji kikawekwa juu, ubao ukasukumwa chini ya mguu, utambi ukakatwa. Baba ndiye aliyeshika taa Mama akifanya kazi. Asubuhi rafu zilikuwa na umande.

Friji jipya Baba hakulitupa, nisidanganye. Alilihamishia dukani akapangia majora ya hariri ndani, mlango wazi, taa inawaka wateja waione. Mpaka anafariki, Mungu amrehemu, hakuwahi kusema kwamba lilikosea.

Siku Mwajuma aliporuhusiwa nyumba ilijaa watu. Alikaa kwenye mkeka, miguu myembamba ameinyoosha, akipokea pole za majirani ambao wiki ile ile walikuwa wakimshauri aache vitamu. Baba aliingia na chupa yake ya chai. Alikuwa ametoka Kigoma na dawa mpya. Hakuketi. Alikwenda kwenye friji la zamani, akafungua komeo, akapiga magoti kwenye saruji mbele ya rafu ya chini, akaanza kupanga vichupa kimoja kimoja. Kisha akageuka. Baba yangu alikuwa hajawahi kumwuliza mtoto jambo lolote isipokuwa kama amesoma.

"Mwajuma," akasema. "Hapa panafaa?"

Mwajuma akamgeukia.

"Nikisema, utasikia?"

Mama alishika mdomo. Mtoto hamsemeshi baba yake hivyo, si kwetu, si mbele ya wageni. Baba alikuwa bado amepiga magoti, kofia imemwendea upande, kichupa kimoja mkononi.

"Nitasikia," akasema.

"Basi visogeze mbele kidogo. Huko nyuma ndiko baridi inakozidi."

Baba akavisogeza.